Spana Namba 10 (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Mwaka 2022, miaka mitano baada ya kutolewa shuleni na mimba akiwa kidato cha tatu, Mama Neema, fundi pikipiki wa Makanyagio mjini Mpanda, anakwenda kujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mratibu wa kituo anaingiza kwenye kompyuta namba yake ya mtihani wa kidato cha pili. Anakunja uso. Anaingiza tena. "Dada," anasema, "hii namba imeshatumika."

SASA ENDELEA...

Kwetu gereji kitu kilichotumika hakitupwi. Unakiosha kwa petroli, unakipuliza, unakifunga tena na pikipiki inakwenda. Ndiyo maana maneno ya yule mratibu yalichelewa kuniingia.

"Imetumikaje, na mwenyewe nipo mbele yako?"

"Mimi naona namba tu, dada. Nenda shuleni kwako wakakufungulie faili. Hapa siwezi kukusajili."

Shuleni kwangu. Tangu Agosti 2017 sikuwa nimekanyaga pale. Hata pikipiki ya mteja ikizimika njia ile, nilimtuma kijana.

Mlioanza nami sehemu ya kwanza mnaijua siku ile, sitairudia yote. Foleni ya wasichana nje ya maabara, vikopo mkononi, nesi ndani. Jioni yakasomwa majina matatu, langu la pili. Hakuna aliyebishana, angebishana na nani? Juni mwaka huohuo Rais Magufuli, akiwa ziarani mkoani Pwani, alikuwa ameshasema kwamba katika utawala wake aliyezaa harudi shuleni. Halafu Katavi yetu ndiyo iliyoongoza nchi nzima katika utafiti wa afya wa mwaka 2015-16: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Sisi watatu hatukuwa habari. Kesho yake kengele iligongwa kama kawaida.

Lakini kuna jambo moja sijawahi kuwasimulia, kwa sababu mpaka juzi sikuliona kama jambo. Baba alitoka Inyonga kunifuata, bado ananukia moshi wa kurinia asali. Hakunisalimia. Aliingia ofisini, mimi nikabaki nje nimekalia tranka langu, na kupitia dirishani nikamwona akisaini karatasi. Kisha akavutiwa karatasi nyingine, akasaini tena. Mara mbili. Ukiwa umekalia tranka lako huulizi karatasi ya pili ni ya nini.

Usiku ule baada ya kutoka kwa mratibu, karatasi ya pili ilinirudia. Nililala chali nikihesabu mabati.

Miaka mitano si kidogo. Miwili ya kwanza niliimalizia stesheni, Neema mgongoni, ungo wa karanga kichwani. Reli hii Waingereza waliileta kilomita 210 kutoka Kaliua wakifuata madini ya risasi. Risasi iliisha zamani, treni ikabaki, na sisi wauza karanga tukabaki nayo. Babu Oili, fundi pikipiki wa Makanyagio, alikuwa mteja wangu wa mkopo. Siku moja pikipiki yake ilizimika palepale mbele ya stesheni, giza limeingia, akaniomba nimshikie tochi. Alikuwa amelala ubavu, mkono ameunyoosha nyuma bila kuangalia, akasema, "Lete..." Nikamwekea spana namba 10 kiganjani kabla hajamaliza. Akageuka kunitazama.

"Nani amekufundisha?"

"Nimekuona ukijaribu ya 12 ikawa kubwa, na ya 8 hujaigusa."

Asubuhi nilikuwa Makanyagio.

Mwaka mzima mshahara wangu ulikuwa ugali wa mchana na sabuni ya unga ya kunawia grisi. Bodaboda walinikwepa. "Babu, usimwachie huyu mama chombo cha watu, mimi jioni nina hesabu ya bosi!" Kilichoniokoa ni masikio ya Babu Oili. Yalikuwa yanakufa. Maisha yote kaishi kando ya injini, sasa akawa hasikii tapeti, na fundi asiyesikia tapeti atakuwa anabahatisha. Akaanza kunisogeza karibu kwa siri, wateja wasijue. Mimi nasikiliza, namkonyeza, yeye anakaza au analegeza. Valvu zikilegea zinagonga kwa sauti nyembamba, kama ukucha kwenye sahani ya bati. Hiyo haina shida, inajitangaza. Zikibana kupita kiasi ndipo injini inatulia, inanguruma laini, mwenye nayo anafurahi. Kumbe valvu inaungua huko ndani. "Ikigonga usiogope," alikuwa ananiambia. "Ogopa iliyonyamaza."

Siku wateja walipogundua nani hasa anayesikiliza, walikuwa wameshazoea pikipiki zao kuwa nzima. Wakanyamaza.

Novemba 2021 Waziri Ndalichako alipotangaza kwamba wanaokatishwa masomo na uzazi waruhusiwe kurudi shuleni, nilisikia redioni, nimechuchumaa na mikono ndani ya kreti ya Boxer. Nilikuwa na miaka 21, mtoto, na deni la spea kwa Mpemba wa sokoni. Sketi ya shule ningeivalia wapi? Nikaendelea kukaza.

Walipokuja maofisa wa VETA kupima mafundi wa mitaani ili ujuzi wao utambuliwe rasmi, nilifungua injini na kuifunga mbele yao, nikapata cheti. Nikakitundika ukutani. Mwezi haujaisha, ofisi moja ikatangaza nafasi ya fundi wa pikipiki zake. Nikapeleka cheti changu. Karani hakukigusa. "Cha kidato cha nne kiko wapi?" Nchi hii hata dereva anaulizwa hicho. Pistoni haijawahi kuniuliza, lakini pistoni haiajiri. Ndiyo safari iliyonifikisha kwa mratibu.

Asubuhi ya kwenda shuleni nilimkuta Sikujua jikoni anamkorogea Neema uji. Ni mtoto wa shangazi. Jina lile alipewa kwa sababu shangazi alikwenda zahanati akidhani ana malaria, akarudi ameambiwa ana ujauzito wa miezi mitano. Baba alimleta kwangu mwanzoni mwa 2019: "Huyu ameishia darasa la saba, akae akusaidie mtoto." Sijawahi kujuta. Neema anamwita mama mdogo. Daftari la gereji analishika yeye, na kwa mtu wa darasa la saba hesabu zake ni safi mno. Kuna siku alinisahihishia Kiingereza kwenye oda ya spea. Nikasema moyoni, wengine huzaliwa na akili, shule ikawapita.

"Naenda shuleni," nikamwambia. "Ile namba yangu ya mtihani wanasema imetumika."

Hakujibu. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria, uji ukapanda, ukafurika, ukazima nusu ya mkaa.

"Sikujua! Uji!"

"Nisamehe, dada." Akafuta jiko, mgongo amenipa. Baada ya muda akasema polepole, "Kwani ya nini kuhangaika? Gereji unayo."

"Nitarudi mchana," nikasema, nikawasha pikipiki.

Barabara ya kule bado ni vumbi. Mkuu wa shule wa sasa ni mwanamke, amehamia juzi tu, hanijui. Nilimwamkia kama mwanafunzi, ulimi wenyewe ulitangulia: "Shikamoo madam." Nikaficha kucha zangu nyeusi chini ya meza. Alisikiliza hadi mwisho, akafungua kabati, akatoa rejista ya mwaka wangu, akashuka na kidole jina kwa jina.

"Wenzako wawili hawa hapa. 'Ameacha, ujauzito.' Na huyu, vilevile." Kidole kikasimama. "Wewe hukuacha shule."

"Madam, niliacha. Ninaye mtoto wa miaka minne."

"Hapa wameandika 'Amehama.' Septemba 2017. Barua ya uhamisho imesainiwa na mzazi." Akanigeuzia faili. Saini ya baba naijua: inaanza kubwa kama mtu wa kisomo, inaishia kama mdudu aliyekanyagwa. "Ulihamia Sumbawanga. Ukafanya mtihani huko Novemba 2018."

Akaniacha na faili, akatoka nje kupiga simu kwa mwenzake wa Sumbawanga. Nilisikia viatu vyake vikienda na kurudi kwenye sakafu. Aliporudi sauti ilikuwa imebadilika.

"Daraja la tatu, pointi 24. Fizikia, D."

Mtanicheka, lakini katika yote hayo kilichoniuma kwanza ni ile D. Mimi fizikia nilikuwa sishuki B. Mtu anakuibia jina, halafu hata kulitunza hawezi?

"Sikiliza, mdogo wangu," akasema. "Unakumbuka Aprili 2017? Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Tangu hapo jambo la aina hii mkuu wa shule halifungii kabatini. Nitaliandikia barua, na baba yako ataitwa. Lakini kwanza tujue ni nani aliyekaa kwenye kiti chako. Mwenzangu anapiga picha fomu ya usajili, ananitumia sasa hivi. Ina pasipoti."

Simu yake ikalia. Akaiweka mezani katikati yetu. Mtandao wa kule mnaujua: kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Likatokea jina langu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Tarehe yangu ya kuzaliwa. Jina la baba. Mahali pa picha palikuwa ukungu wa kijivu. Kisha ukungu ukaanza kupata paji la uso, nywele zilizonyolewa, kola ya sare. Kisha macho.

Macho yale niliyaacha asubuhi yakitazama uji unaofurika.

"Ni nani huyu?" madam akauliza.

"Sikujua," nikasema.

"Ndiyo, ungejuaje. Nauliza, huyu unamfahamu?"

"Sikujua, madam."

Akanitazama kama mtu aliyepagawa. Nilitaka kumweleza kwamba nimemjibu mara mbili, ila koo lilikuwa limekauka. Baba alimpa nafasi yangu yeye, kisha mwaka mmoja na nusu baadaye akamleta chini ya paa langu alee mwanangu, na wote wawili wakala ugali wangu miaka mitatu. Haikugonga hata siku moja.

Hapo simu yangu nayo ikalia. Jina lilelile.

Nilipokea, nikakaa kimya. Upande wa pili kulikuwa na makelele ya watu wengi, mtu akitangaza mihogo ya kukaanga, mwingine akigombana kuhusu mzigo. Halafu sauti yake, ya chini, kama mtu anayezungumza akiwa amefunika mdomo:

"Dada, umeshaiona picha, eti?"

"Uko wapi?"

"Mjomba kasema wewe ukijua, mimi nitafungwa. Kasema niende Tabora, kuna mtu atanipokea. Nisamehe, dada. Sikuweza kumwacha peke yake, angelia."

"Kumwacha nani? Sikujua! Nani?"

Hakujibu yeye. Ilijibu sauti ndogo, karibu sana na simu, kama kawaida yake ya kuibusu spika anapozungumza:

"Mama! Mama mdogo ameninunulia karanga! Tunapanda treni!"

Nyuma yake honi ikalia. Honi za stesheni ile nimeziuzia karanga miaka miwili. Ya kwanza ni ya kuita abiria. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, ufunguo mkononi, madam akiniita nyuma, na vumbi la barabara nzima likiwa mbele yangu, wakati honi ya pili ilipolia.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO