Jina Lako Limo Kwenye Daftari? Historia ya Mtaji wa Wanawake Kilosa na Mikumi



Tulivuka bahari kumpeleka bibi harusi wetu Mikumi. Boti mpaka Dar es Salaam, treni ya umeme mpaka Morogoro, kisha basi kupitia katikati ya mbuga, huku wari wetu akichungulia twiga dirishani na sisi tukichunga masanduku ya nguo na vyombo. Usiku baada ya walima, wageni walipotawanyika, akatuuliza jambo ambalo hatukulitegemea: “Mama zangu, mahari yangu niiweke tu ndani au niifanyie kazi? Na hizi pesa za Serikali za wanawake zinazosemwa, ni ruzuku au ni mkopo? Zina riba?”

Tulitazamana. Mmoja wetu aliwahi kupoteza fedha zake zote kwenye upatu wa mtaani, kwa sababu aliyeshika pesa alihama na hakukuwa na hata karatasi moja iliyoandikwa nani katoa ngapi. Tangu siku hiyo akiona kikundi hukimbia. Mwengine alisema pesa za Serikali ni za wenye kujuana. Kwa hiyo bibi harusi hakupata jibu usiku ule. Tulianza kuulizia na kusoma, na tulichokipata ni historia ndefu kuliko tulivyodhani. Leo tunaiandika kwa ajili yake, na kwa kila binti anayejiandaa kuolewa.

Mtaji ulipotoka kwetu visiwani

Kilosa ni wilaya ya Mkoa wa Morogoro, na Mikumi ni mji mdogo ndani ya wilaya hiyo. Eneo hilo ni sehemu ya nchi ya zamani ya Usagara, ambako misafara ya biashara kutoka Bagamoyo ilipita karne ya 19 ikielekea bara kutafuta pembe za ndovu. Misafara ile haikuendeshwa kwa fedha taslimu. Iliendeshwa kwa deni lililoanzia Unguja. Matajiri kama Taria Topan walitoa nguo za merikani, shanga na waya za shaba kwa mkopo, na msafiri alilipa akirudi, baada ya miezi mingi au hata miaka.

Na riba je? Wazee wetu walijua kuwa ni haramu. Hivyo Oman na Unguja ukaenea mkataba wa mauzo ya khiyari: mtu anamuuzia mkopeshaji nyumba au shamba lake la karafuu kwa haki ya kulikomboa ndani ya muda waliokubaliana, na wakati huo huo anaendelea kulitumia kwa kulipa kodi. Wanazuoni walibishana sana kama kodi ile haikuwa riba iliyovaa joho jengine. Tunalitaja hili kwa sababu swali la bibi harusi wetu si jipya. Waislamu wa pwani wameliuliza kila mara mtaji ulipotafutwa.

Jambo la pili la kujifunza ni kwamba mikataba ile iliandikwa. Majina, mashahidi, kiasi, muda. Wanawake wa Unguja wenye mashamba na nyumba walimo katika hati za zamani za mali na wakfu, kwa majina yao wenyewe. Kwa sababu jina liliandikwa, haki ilikuwa na pa kusimamia.

Shamba la ukoo wa mama, na kadi ya mkonge

Huko bara mambo yalikuwa na sura yake. Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na Waluguru, wenyeji wa milima na mabonde ya huko, hufuata ukoo wa mama. Kwa mila yao ardhi ilipita upande wa mama. Mwanamke hakuwa na akaunti wala duka, lakini alikuwa na ukoo uliompa pa kulima.

Mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara akikusanya alama za watawala kwenye mikataba ambayo Ujerumani iliitumia kudai nchi. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikaendelea kupitia Kilosa mpaka Kigoma 1914. Pamoja na reli yakaja mashamba makubwa ya mkonge, Kilosa na Kimamba. Mtaji sasa ulikuwa wa makampuni na walowezi. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30: kila siku ukimaliza kazi unatiwa alama, kadi ikijaa unalipwa.

Wengi walioandikwa kwenye kadi zile walikuwa wanaume, wengine wametoka mbali sana. Mwanamke alipika, alilima, aliuza mboga na unga kwa wafanyakazi, na biashara hiyo ilikuwa kweli kabisa. Ila haikuandikwa popote. Zama za mkonge ziliposhuka kwa sababu ya kamba za plastiki, waliobaki na mashamba madogo na magenge ni wanawake hao hao, bila karatasi ya kumwonyesha mkopeshaji.

Sheria inapoandika “wanawake”

Mwaka 1993 Serikali ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake, na halmashauri zikatakiwa kutenga sehemu ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya wanawake na vijana. Kwa miaka mingi utengaji huo ulitegemea utashi wa kila halmashauri: nyengine zilitoa, nyengine zilisema mapato hayatoshi. Na mikopo yenyewe ilikuwa na riba, hivyo dada wengi wa Kiislamu walikaa pembeni. Mwaka 2009 ilifunguliwa Benki ya Wanawake Tanzania, ambayo mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta.

Mwaka huo huo wa 2018 ndipo mlango mkubwa ulipofunguka. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliongezewa kifungu cha 37A. Tangu hapo kila halmashauri ya Tanzania Bara inalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Na kifungu kinasema mikopo hiyo haina riba. Dada zetu, lisomeni tena neno hilo. Lile lililowashughulisha wanazuoni wa Unguja zama za khiyari, hapa limewekwa kwenye sheria ya nchi: unarudisha ulichokopa.

Lakini fedha nyingi zilipotea. Ripoti za ukaguzi zilionyesha vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, na Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji wake. Mikopo ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya wa uhakiki, na baadhi ya halmashauri zikapangiwa kupitisha fedha benki. Walioumia katika kipindi kile cha kusimama ni vikundi vya kweli, vilivyokuwa na wanachama wa kweli na biashara za kweli. Majina ya uongo daftarini yaliwafungia mlango wenye majina ya kweli.

Misitu ya Kilosa na ruzuku za nje

Kuna historia nyengine ambayo Kilosa inaijua vizuri kuliko wilaya nyingi. Mwaka 2008 Norway iliahidi fedha za kuisaidia Tanzania katika mpango wa kulipia misitu inayohifadhiwa. Kati ya 2009 na 2014, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa wanakijiji unaoitwa MJUMITA waliendesha mradi huo Kilosa na Lindi. Malipo ya majaribio hayakuishia ofisini. Yaligawiwa wanakijiji mmoja mmoja, na mwanamke alipokea fungu kwa jina lake.

Kisha, kuanzia 2012 kwa msaada wa Uswisi, vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Kitunduweta vikaingia katika mradi wa mkaa endelevu. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji inatengwa, inakatwa kwa zamu katika mzunguko wa miaka 24 ili miti ichipue tena, na ushuru unaingia mfuko wa kijiji. Wanawake walikuwemo miongoni mwa wachoma mkaa, na vikundi vya kuweka na kukopa vikaanzishwa.

Angalieni ruzuku hizi zilifika vipi. Hazikumfikia mwanamke aliyeandika barua ya kuomba akiwa peke yake chumbani. Zilipita kwenye vijiji vyenye mikutano, kamati, mipaka iliyochorwa na orodha ya wakazi. Mfadhili wa Ulaya na afisa wa halmashauri wanauliza kitu kimoja: nionyeshe daftari.

Tulichomjibu bibi harusi

Kwanza, mahari ni yake. Sura An-Nisaa imeliweka wazi hilo, na hapana mume, mama mkwe wala kaka mwenye haki ya kuligeuza bila ridhaa yake. Tulimshauri asiitie yote kwenye biashara ya mwanzo. Sehemu aweke, sehemu ajaribie kitu kidogo anachokijua.

Pili, ajue tofauti ya maneno. Ruzuku hairudishwi, lakini ina masharti na taarifa za matumizi. Mkopo wa halmashauri hauna riba, lakini ni deni, na deni ni amana mbele ya Mwenyezi Mungu. Anayesema “pesa za Serikali, tule tu” anakula haki ya mwanamke anayesubiri nyuma yake kwenye foleni.

Tatu, atafute wenziwe. Tangu kanuni zilipopunguza idadi mwaka 2021, kikundi cha wanawake watano kinaweza kuomba. Wanahitaji katiba, usajili, akaunti ya benki na mpango wa biashara ulioandikwa. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwa wale wa kwetu visiwani, Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar, ZEEA, nao ni mlango wa kubisha.

Nne, kama ataingia VICOBA, aulize mapema nyongeza inayotozwa kwa mkopaji ni ya nini na inakwenda wapi. Vikundi vyengine vya Kiislamu vimeiondoa, vinakopeshana kama karadha njema na kuchangia gharama za uendeshaji kwa kiwango sawa. Penye shaka aulize masheikh kabla ya kutia hisa, si baada ya kukopa.

Na tano ndiyo iliyotukaa sote moyoni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, Al-Baqarah 282, haizungumzii sala wala funga. Inazungumzia kuandika deni: mwandishi, mashahidi, muda, dogo lisidharauliwe kama kubwa. Tumeisoma tangu chuoni, lakini ni wangapi kati yetu tunaandika tunapompa shoga yetu laki moja? Yule mwenzetu aliyepoteza pesa za upatu alinyamaza kimya tulipofika hapa. Kisha akasema, “Basi mimi sikudhulumiwa na kikundi. Nilidhulumiwa na kutoandika.”

Bibi harusi wetu sasa wako watano Mikumi, yeye na majirani wanne. Wanapika chakula cha mchana na kuuza vitafunwa barabarani. Mpaka tunaandika haya mkopo hawajaupata, na huenda ukachelewa. Lakini kila Ijumaa baada ya Alasiri wanakaa, wanahesabu, na wanaandika, na kila mmoja anatia saini yake. Mmoja wao hakuwahi kusoma shule. Wamemfundisha kuandika jina lake, na analiandika pole pole, herufi moja moja, wenzake wakimsubiri.

Mwenyezi Mungu awabariki katika ndoa zenu na riziki zenu, azifanye za halali, na atuepushe na deni lisilolipika. Amin.