Wali wa Pauni Thelathini

Pauni 30 kwa mwezi. Huo ndio mshahara ambao Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliahidi kumlipa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mwezi wa Februari 1887, ili awe wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Kwa mfanyabiashara ambaye misafara yake ilishusha pembe za ndovu mpaka pwani mwaka baada ya mwaka, fedha hizo hazikuwa kitu. Bei halisi ya mkataba ilikuwa kwingine. Wali atapandisha bendera ya Dola Huru ya Kongo, atazuia biashara ya watumwa katika eneo lake, atakaa na mwakilishi wa Kizungu pembeni yake. Na Dola nayo itamwacha aendelee na biashara yake. Mkataba ulitiwa sahihi Unguja, msuluhishi akiwa msafiri Stanley, miezi michache tu baada ya Waarabu kumfukuza Kapteni Deane kutoka kituo cha Dola pale Falls.

Kwa nini Tippu Tip alikubali? Katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anaeleza jinsi Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alivyomfungulia moyo kwamba hana tena haja na bara, kwa kuwa Wazungu walikuwa wakimnyang'anya hata kisiwa chake. Baada ya maneno hayo, Kasongo haikuwa na mlinzi. Mji ule wa Maniema, ambao Tippu Tip aliufanya makao yake makuu tangu miaka ya 1870, ulikuwa na mashamba ya mpunga, michungwa na mipera, na barabara ya kwenda Ujiji kupitia Kabambare. Haukuwa na dola nyuma yake. Mzee aliona heri kukodi bendera ya mgeni kuliko kupigana nayo.

Leopold naye alikuwa na hesabu zake, na kwa kiasi kikubwa zilihusu watu waliokuwa hawajapata kuliona Ziwa Tanganyika. Kongo ilikuwa mali yake binafsi, si koloni la Ubelgiji, na gharama zake zilikuwa zikimfilisi. Fedha ilibidi ziombwe bungeni. Bunge hilo tangu 1884 lilikuwa mikononi mwa Chama cha Wakatoliki, na wapiga kura wake walikuwa wanaume wachache waliolipa kodi ya kutosha kuhesabiwa. Watu hao walikwenda kanisani, na kanisani, Agosti 1888, walimsikia Kardinali Lavigerie akihubiri Brussels dhidi ya biashara ya watumwa ya Waarabu. Waumini wakachanga fedha, vyama vya kupinga utumwa vikaundwa, vijana wakajitolea kwenda vitani.

Hapo ndipo urafiki na Kasongo ulipogeuka aibu. Mfalme aliyejiita mkombozi wa Waafrika alikuwa amemwajiri mtu aliyetajwa kwenye mahubiri kama mfano wa uovu wenyewe. Wengine walimtetea: bila Tippu Tip, Falls isingekalika. Wengine hawakutaka kusikia. Leopold alijua upepo unavuma wapi. Aliukaribisha Brussels mkutano mkuu wa kupinga utumwa, ulioanza Novemba 1889 na kumalizika Julai 1890, na mara tu ulipokwisha bunge likamkubalia mkopo wa faranga milioni 25. Ni vigumu kuamini kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Mwaka uliofuata Kapteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alijenga ngome ya Albertville kwenye ufuo wa magharibi wa Tanganyika, ubavuni mwa Rumaliza wa Ujiji, mshirika wa Tippu Tip katika biashara.

Huku Maniema ugomvi ulikuwa wa namna nyingine, lakini swali lilikuwa lile lile: mshirika huyu wa mbali anatufaa nini? Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka kwenda Unguja, asirudi tena. Kasongo akamwachia mwanawe Sefu, Falls akamwachia mpwawe Rashid. Mwaka 1891 Leopold akaamuru pembe ziwe mali ya Dola, na sehemu ya mkataba iliyowalinda wafanyabiashara ikabaki maneno. Muni Mohara, mkuu wa Nyangwe, hakungoja zaidi. Mei 1892 watu wake walimuua Hodister, wakala wa kampuni ya Kibelgiji, huko Riba Riba. Sefu alisita. Kwa miezi kadhaa Luteni Lippens na Sajenti De Bruyne, wawakilishi wa Dola, waliendelea kuishi Kasongo, nusu wageni, nusu mateka.

Aliyeukata uzi ni Ngongo Lutete, mtu aliyewahi kuwa mtumwa kabla ya kuwa jemadari wa Tippu Tip upande wa Lomami. Baada ya kushindwa na Dhanis, kamanda wa jeshi la Dola, katika mapigano ya mwaka ule, alihamia kwa Dola, Septemba 1892, na maelfu ya wapiganaji wake. Sefu akadai arudishiwe mtu wake. Novemba alimpeleka De Bruyne ukingoni mwa mto kuzungumza na Wabelgiji. Wenzake wakamshauri atoroke, naye akakataa, maana Lippens angelipa kwa shingo. Sefu akavuka Lomami akashindwa. Desemba, Lippens na De Bruyne wakauawa Kasongo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nyangwe ikaanguka tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili. Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa na jeshi la Dhanis, aliandika jinsi askari walivyokuta humo magodoro ya hariri, sukari, mishumaa na vikombe vya fedha. Siku nne kabla ya Kasongo kuanguka, wafanyakazi wa Ubelgiji walikuwa wamemaliza mgomo mkuu uliolilazimisha bunge kuwapa wanaume wote kura, ingawa matajiri na wasomi walibakiziwa kura za ziada.

Ngongo hakuufaidi ushindi. Septemba 1893 maofisa wa Dola walimshtaki kwa uhaini, wakampiga risasi huko Ngandu. Mwezi uliofuata Sefu akafa vitani, na mzigo ukamwangukia Rumaliza, ambaye hakuwahi kuupenda mkataba wa Unguja. Januari 1894 kombora la mzinga wa Krupp liliwasha moto ndani ya boma lake. Kabla ya mwezi kwisha Kabambare ikatekwa, naye akakimbilia upande wa Wajerumani. Baadaye alimfungulia Tippu Tip kesi akidai sehemu yake ya mali, na mzee akazitumia siku zake za mwisho Unguja, mpaka 1905, akiwa na mawakili na kumbukumbu.

Lakini damu ya Ngongo haikusahauliwa. Mwaka 1895 askari wa Dola huko Luluabourg, wengi wao wakiwa watu wake wa zamani, waliwageuzia bunduki maofisa wao. Miaka miwili baadaye jeshi la Dhanis mwenyewe liliasi kaskazini, waasi wakateremka kusini wakipigana, na mwishoni mwa 1898 Kabambare ikatekwa mara ya pili, safari hii na askari ambao Dola ilikuwa imewafunza yenyewe.