Gesi, Majani ya Kinamasi na Chuma: Mjadala wa Uyeyushaji wa Kale wa Buhaya

Kemondo hufahamika kwa wengi kama bandari ya meli zinazotoka Mwanza kwenda Bukoba. Kwa mwanahistoria wa teknolojia, ghuba hiyo pamoja na Katuruka, huko Maruku, ni mahali palipofukuliwa mabaki ya tanuri zilizoyeyusha chuma yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na nyingine huenda zikawa za kale zaidi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walidai katika jarida la Science kwamba Wahaya wa kale walitengeneza chuma cha pua kwa kupuliza hewa iliyokwisha kupashwa moto. Makala haya yanahoji kama mjadala uliofuata ulishughulikia jambo lenye uzito zaidi.

Moto peke yake hauzai chuma. Katika mawe ya madini, atomu za chuma zimeshikwa na oksijeni, na ni lazima kitu kingine kije kuiondoa. Makaa yakiwaka penye hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, molekuli ndogo yenye atomu mbili tu, ambayo upande wake wa kaboni hushikamana kwa urahisi na atomu ya chuma. Ndiyo gesi inayomuua mtu aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hukalia chuma kilichomo katika damu, mahali pa oksijeni. Ndani ya tanuri huitwaa oksijeni ya madini na kutoka ikiwa dioksidi ya kaboni. Wanakemia wa leo huitumia gesi hiyohiyo kuchunguza atomu za metali zilizofichika katika vijitundu vya mawe yaitwayo zeolaiti. Huko nako swali la kwanza ni kama gesi inaweza kuifikia metali.

Mafundi wa Buhaya hawakuwa na lugha ya molekuli, ila swali hilo walilijibu kwa vitendo. Mwaka 1976 wazee walioiacha kazi hiyo miongo mingi kabla waliijenga tena tanuri mbele ya watafiti, kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani. Kwanza waliyachoma madini juu ya kuni, yakapasuka na kufanya nyufa ambamo gesi ingeweza kupenya. Kisha shimo la chini ya tanuri lilijazwa majani ya kinamasi, yakachomwa mpaka yakawa makaa mepesi yenye matundu mengi. Mavi ya chuma yaliyoyeyuka, ambayo bado yalikuwa na chuma kingi, yalidondokea humo na kukutana na kaboni kila upande. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye ufundi wenyewe.

Wahakiki hawakuelekea huko. Katika tanuri hizo mirija ya udongo inayopitisha upepo wa mivukuto iliingizwa ndani sana, na Schmidt na Avery walisema kwamba hewa ilipata joto humo kabla ya kufika kwenye makaa. J. E. Rehder alijibu mwaka 1986 kwamba udongo hupitisha joto polepole mno kuweza kuleta tofauti kubwa. Pingamizi lake lina nguvu, na sioni kwamba limejibiwa kikamilifu. Lakini likikubaliwa lote, shimo la majani linabaki palepale. Schmidt na Avery wenyewe walilieleza. Ni wasomaji waliolipita, maana habari ya hewa moto ilifaa zaidi kulinganishwa na viwanda vya Ulaya vya karne ya 19.

Ulinganisho huo ulikuwa na gharama yake. Baada ya karne ya maandishi yaliyomwona Mwafrika kama mpokeaji wa ufundi wa wengine, ilivutia kutangaza kwamba Wahaya waliwatangulia Wazungu. Tangu hapo kila shaka juu ya mirija ikaonekana kuwa shaka juu ya Wahaya.

Lipo pia tatizo la ushahidi. Jaribio la 1976 linatuonyesha walichokumbuka wazee, na si lazima liwe ndilo lililofanyika Kemondo karne nyingi kabla. Kinachoweza kuvuka pengo hilo ni mavi ya chuma yenyewe, kwa sababu vipande vilivyogandia shimoni huweza kuhifadhi alama za mashina ya majani. Mirija iliyovunjika inaweza kutuambia ilikaa wapi tanurini. Vipande hivyo vinaweza kutuonyesha gesi ilikutana wapi na chuma.