Haya ya Kufurahia Mwisho Unaojulikana

Katika furaha za mwanadamu ziko anazozitangaza, na ziko anazozificha. Msomi akitoka kutazama tanzia hupenda kuulizwa ametoka wapi. Akitoka kutazama mchezo wa mapenzi wa kuchekesha, ambamo kijana na binti hugombana mwanzoni ili waoane mwishoni, hugeuza mazungumzo. Akibanwa hujitetea kwamba alikwenda kupumzisha akili. Mwandishi wa insha hii amejitetea hivyo mara nyingi. Kosa analojishtaki nalo ni moja: aliujua mwisho kabla ya kuingia, na hata hivyo ulipofika alifurahi. Yafaa tuulize kama hilo ni kosa kweli, na shahidi wa kwanza wa kuitwa ni historia.

Mchezo wa namna hii una umri mkubwa. Mwaka 316 K.K., katika mji wa Athene, Menander alishinda mashindano ya michezo kwa Dyskolos, yaani mtu mgumu wa tabia. Maandishi yake yalipotea kwa karne nyingi, hata yakaonekana katika kitabu cha mafunjo kilichotoka Misri, yakachapishwa mwaka 1958. Humo kijana tajiri, Sostratos, ampenda binti wa mzee Knemon, adui wa majirani wote. Mzee atumbukia kisimani, aokolewa na mwana wa kambo, na kwa shukrani amwachia huyo madaraka ya kumwoza binti. Arusi yapatikana. La kuangaliwa ni kwamba mwanzoni kabisa mungu Pan huja mbele ya watazamaji na kuwaambia kuwa yeye ndiye aliyemtia kijana mapenzi. Siri hutolewa mlangoni. Wayunani hawakuketi pale ili wajue kama arusi itakuwapo; waliketi ili waone itapatikanaje.

Warumi walirithi desturi hiyo bila haya. Terence aliposhutumiwa kwamba ameiba wahusika, alijibu katika dibaji ya Eunuchus, mchezo ulioonyeshwa mwaka 161 K.K., kwamba watu kama mtumwa akimbiaye na mzee adanganywaye ni mali ya watunzi wote. Shakespeare naye aliwachukua mapacha wa Plautus akawatia katika The Comedy of Errors, iliyochezwa Gray's Inn, London, Desemba 1594. Hapana aliyewaona watunzi hao kuwa wadogo kwa sababu njia yao ilikwisha kukanyagwa. Sifa ilikuwa katika mwendo.

Haya yetu, basi, ni changa kuliko furaha yetu. Mwaka 1759 Mwingereza Edward Young alitoa insha mashuhuri ya kuutukuza utunzi wa asili juu ya utunzi wa kuiga. Fikira ya namna hiyo ilipoenea, upya ukawa kipimo cha thamani, na jambo linalotabirika likahesabiwa kuwa hafifu. Kipimo hicho kina manufaa yake, lakini si sheria ya maumbile. Ngano husimuliwa kwa watoto wanaoijua neno kwa neno, nao ndio wa kwanza kumkosoa msimulizi akiubadili mwisho.

Walakini nisidhaniwe kuwa nawaachilia watazamaji huru. Hatia ipo, ila twaitafuta mahali pasipo pake. Yule binti wa Knemon hana hata jina. Huozwa na wanaume waliopatana. Katika Epitrepontes, mchezo mwingine wa Menander, mume amkimbia mkewe kwa kuwa amezaa mapema mno, kisha pete yafichua kwamba mtoto ni wake mwenyewe: alimnajisi binti huyo usiku wa sherehe kabla hawajaoana, wala hawakutambuana. Mchezo huuita mwisho huo heri. Msomaji wa Kiswahili naye anao mfano karibu. Mwaka 1969 Julius Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare ambao tangu mkusanyo wa 1623 huhesabiwa miongoni mwa michezo ya furaha. Wapenzi wacheka chini ya mwezi katika tendo la tano. Katika tendo la nne Shylock amenyang'anywa mali na kulazimishwa kuiacha dini yake. Kicheko cha hao kimelipiwa na huyu.

Sasa tutazame mwisho ule ule katika wakati wa karibu. Mwaka 1934, Marekani ikiwa katika dhiki ya ukosefu wa kazi, Frank Capra alitoa sinema ya It Happened One Night. Binti wa tajiri amtoroka babaye, apanda basi kutoka Miami kwenda New York, akutana na mwandishi wa gazeti asiye na kazi. Kila mtazamaji ajua mambo yatakakoishia. Lakini mwandishi aikataa zawadi ya dola 10,000, adai dola 39.60 tu alizogharimiwa njiani. Na bibi arusi, akiisha kufika mbele ya kasisi, akimbia kwa miguu yake mwenyewe. Mume anayeachwa alipwa fedha akubali ndoa ibatilishwe. Mwisho ni ule wa Athene, bali mlipaji amebadilika, na binti amepata jina na miguu.

Hapa ndipo mwisho unaojulikana unapomfaa mwanachuoni. Kwa kuwa haubadiliki, huonyesha wazi yaliyobadilika: nani aliruhusiwa kuchagua, na nani alitolewa ili wengine wafurahi. Na tufurahi basi bila kujificha. Lakini taa zikiwashwa, kabla ya kuinuka, tumtafute kwa macho yule ambaye hakualikwa arusini.