Ujira wa Dalali wa Hisa

Ujira wa dalali wa hisa ni malipo anayotozwa mwekezaji kila anunuapo au auzapo hisa sokoni, na thamani yake haipimwi kwa kiasi peke yake, bali kwa huduma ipatikanayo: nasaha, utafiti wa habari za makampuni, uhifadhi wa amana, na hasa uhodari wa kuipata bei iliyo bora. Katika mji wa New York, madalali 24 waliafikiana tarehe 17 Mei 1792 kwamba asiwepo miongoni mwao atakayefanya kazi kwa ujira ulio chini ya robo ya asilimia moja. Na desturi hiyo ya ujira usiopunguzwa ikadumu hadi tarehe 1 Mei 1975, ilipobatilishwa kwa amri ya tume ya serikali ya Marekani. Kabla ya hapo madalali, kwa kuwa hawakuweza kushindana kwa bei, walishindana kwa utafiti na nasaha, hata mwekezaji mdogo aliyejua alitakalo akalazimika kulipia maarifa asiyoyahitaji, jambo ambalo kwa hakika halikuwa la insafu. Baada ya amri hiyo ndipo wakazuka madalali wa bei nafuu, mathalan kampuni ya Charles Schwab, waliotekeleza maagizo ya mteja bila ya ushauri. Na mwezi wa Oktoba 2019 kampuni hiyo ikaondoa ujira wa hisa za Marekani zinunuliwazo kwa intaneti. Hata hivyo dalali asiyetoza ujira hupata faida kwa riba ya fedha za wateja zilizolala, na wengi hulipwa na wafanyabiashara wakubwa wanaopelekewa maagizo hayo. Basi mwekezaji na aulize kwanza bei aliyopatiwa, kisha ndipo autazame ujira.