Daftari la wakala

Mamangu anauza sambusa na mandazi hapa Leicester, anapikia jikoni kwetu. Mwaka jana nilimwekea programu ya oda kwenye simu, kisha nikamfichia daftari lake. Ndani ya wiki mbili, oda mbili za harusi zikapotea. Nikamlaumu yeye. Baadaye nilisoma jinsi M-Pesa ilivyoanza, nikaona kosa lilikuwa langu.

Mwaka 2005, Safaricom na Vodafone walianza majaribio nchini Kenya, wakisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza. Lengo la kwanza halikuwa kutuma pesa nyumbani. Wateja wa Faulu, shirika la mikopo midogo, walitakiwa walipe mikopo yao kwa simu. Lakini watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na wafanyabiashara wakalipana bidhaa. Basi huduma ikabadilishwa, na Machi 2007 ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa.

Sasa, nani aliwafundisha watu kuitumia? Mawakala, wengi wao wenye maduka madogo ya mtaani. Na wao pia ilibidi wafundishwe kwanza. Walijifunza kugawa mtaji: pesa taslimu za kumpa anayetoa, na floti ndani ya simu kwa ajili ya anayeweka. Moja ikiisha, mteja anarudi mikono mitupu. Walijifunza kukagua kitambulisho. Na kila muamala waliuandika kwa kalamu kwenye daftari: tarehe, jina, kiasi, kisha mteja anatia sahihi.

Simu ilikuwa imeshahifadhi yote hayo, si ndiyo? Lakini mteja aliyeogopa pesa zake zitapotea aliona jina lake limeandikwa, mbele ya mtu anayemjua. Huduma ya Lipa na M-Pesa, ya kulipia bidhaa dukani, ilikuja 2013. Watu walikuwa wamepata miaka sita ya kuzoea.

Mimi nilimpa mama wiki mbili, tena bila daftari.

Nimemrudishia. Siku hizi oda ikiingia kwenye simu anaiandika, na Jumapili tunakaa mezani kulinganisha. Juzi akaniita: "Mwanangu, hebu njoo. Simu yako imekosea hesabu."

Nikaangalia. Bei ya mandazi niliiingiza mimi, na niliikosea.