Kipepeo Mfalme na Wenye Misitu ya Michoacán: Historia ya Uvumbuzi, Ardhi na Maana

0. Utangulizi

Katika historia ya sayansi, tarehe 2 Januari 1975 huandikwa kuwa siku ambayo makazi ya majira ya baridi ya kipepeo mfalme yalivumbuliwa katika milima ya kati ya Meksiko. Katika historia ya vijiji vilivyo chini ya milima hiyo, siku hiyo haikuwa na jambo jipya. Wenyeji walikuwa wakiwaona vipepeo hao wakifika kila mwaka tangu enzi za mababu zao. Kilichobadilika baada ya 1975 si ujuzi wa wenyeji juu ya kipepeo, bali haki yao juu ya mti ambao kipepeo huulalia. Makala haya yanafuatilia badiliko hilo: kwanza safari ya kipepeo, kisha maana yake kwa wenyeji, halafu mvutano wa ardhi uliozuka baada ya mahali hapo kujulikana ulimwenguni.

1. Safari yenyewe

Kipepeo mfalme, ambaye wataalamu humwita Danaus plexippus, ana uzito wa nusu gramu hivi. Si mgeni kabisa kwa msomaji wa Kongo, kwani ana ndugu yake barani Afrika, Danaus chrysippus, mwenye mbawa za rangi ya machungwa na ncha nyeusi, na viwavi wa wote wawili hula mimea ya jamaa moja, yenye utomvu mweupe kama maziwa. Lakini ndugu huyo wa Afrika hafanyi safari inayolingana na ile ya mwenzake wa Amerika.

Kila mwaka, majira ya joto yanapokwisha, vipepeo wafalme wa kusini mwa Kanada na wa mashariki ya Marekani huelekea kusini, wengine kwa mwendo unaofikia kilomita 4000. Hufika mwanzoni mwa Novemba kwenye milima iliyo mpakani mwa jimbo la Michoacán na Jimbo la Mexico, penye kimo cha mita 3000 hivi juu ya bahari. Huko hujishikiza kwa mamilioni kwenye miti iitwayo oyamel hata matawi yakainama kwa uzito wao. Miti hiyo ndiyo blanketi yao na mwavuli wao: majani yake mazito huzuia baridi kali ya usiku na mvua. Msitu ukitobolewa, baridi huingia, na kipepeo aliyelowa hufa upesi kuliko aliye mkavu.

Ifahamike kwamba hakuna kipepeo anayefanya safari hiyo mara mbili. Wale wa majira ya joto huishi wiki chache tu. Wale wanaozaliwa karibu na mwisho wa majira hayo huishi hata miezi minane, hukaa milimani mpaka Machi, kisha hurudi kaskazini kutaga mayai na kufa njiani. Wanaofika Meksiko mwaka unaofuata ni wajukuu na vitukuu vyao. Hivyo kila Novemba wanafika mahali ambapo hawajapata kupaona, na ambapo wazee wao walipita.

2. Kipepeo, mavuno na wafu

Vipepeo hufika katika siku ambazo Wameksiko huwakumbuka wafu wao, yaani tarehe 1 na 2 Novemba, na katika kipindi cha kuvuna mahindi. Kutokana na kuoana huko kwa nyakati, wengi miongoni mwa Wamazahua na Waotomí, na pia miongoni mwa majirani wao wasemao Kihispania, husimulia kwamba vipepeo hao ni roho za marehemu zinazorudi kuwatembelea jamaa zao. Kwa mtazamo huo kipepeo ni mgeni wa nyumbani. Hapigwi wala hafukuzwi. Hupokelewa kama anavyopokelewa mtu wa ukoo aliyekawia safarini.

Je, imani hii ni ya zamani kiasi gani? Padre Bernardino de Sahagún, aliyekusanya habari za Wanahua katika karne ya 16, aliandika kwamba wapiganaji waliokufa vitani waliaminiwa kulisindikiza jua kwa miaka minne, kisha wakageuka kuwa ndege na vipepeo wanaonyonya maua. Ni ushahidi mzito kwamba uhusiano wa kipepeo na wafu katika nchi hiyo ni wa kale kuliko Ukristo. Hata hivyo, Wanahua si Wamazahua, na maandishi hayo hayamkusudii kipepeo huyu peke yake. Zaidi ya hayo, tangu utalii uanze kushamiri, simulizi hiyo imekaririwa mno katika vitabu vya wageni, hata ikawa sehemu ya biashara. Mtafiti hana budi kutenganisha tabaka hizo: imani ya kale juu ya vipepeo kwa jumla, desturi ya vijiji vya milimani, na masimulizi yaliyopambwa kwa ajili ya mtalii. Tabaka la mwisho halibatilishi yale mawili ya kwanza, lakini halifai kuchukuliwa badala yake.

Jina lenyewe lina historia yake. Wanahua waliita kipepeo papalotl, na Wapurépecha wa Michoacán humwita parakata. Jina la "mfalme" lilitoka kaskazini. Lilipatikana katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 19, likatafsiriwa kwa Kihispania, na likaenea milimani pamoja na wataalamu, magazeti na hati za serikali. Kwa hiyo mgeni wa kila mwaka alipewa jina jipya na watu ambao walikuwa hawajamwona akilala.

3. Msitu ulikuwa wa nani?

Bila kueleza suala la ardhi, yaliyofuata hayaeleweki. Kabla ya Mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza mwaka 1910, sehemu kubwa ya ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa, na katika mji kama Angangueo migodi ilihitaji mbao nyingi kutoka milimani. Katiba ya 1917, katika kifungu chake cha 27, ilifungua mlango wa kugawa ardhi. Ugawaji huo ulifikia kilele chini ya Rais Lázaro Cárdenas, mzaliwa wa Michoacán, aliyetawala kutoka 1934 hadi 1940.

Njia iliyotumika ni ile ya ejido, yaani ardhi iliyokabidhiwa jumuiya ya wakulima ili waitumie kwa pamoja na kuirithisha, bila kuwa na ruhusa ya kuiuza. Katazo hilo la kuuza lilidumu mpaka marekebisho ya 1992. Pamoja na ejido zilikuwapo jumuiya za wenyeji wa asili zilizodai ardhi yao tangu enzi za ukoloni. Hivyo basi misitu ya oyamel haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ilikuwa mali iliyopatikana kwa damu ya mapinduzi na kwa miaka mingi ya madai ofisini. Kwa mkulima wa mlimani, mwenye shamba dogo la mahindi kwenye udongo wa baridi, mti ulikuwa kuni, boriti ya nyumba na fedha ya kumtibu mgonjwa.

4. Uvumbuzi wa 1975

Fred Urquhart, mtaalamu wa wadudu wa Kanada, pamoja na mkewe Norah, walitafuta kwa karibu miaka 40 mahali walikokwenda vipepeo wa vuli. Walibandika vibandiko vidogo kwenye mbawa za vipepeo, na wakaunda mtandao wa watu wa kujitolea ili kuwafuatilia. Mwaka 1972 Norah aliandika kwa magazeti ya Meksiko akiomba msaada. Aliyejibu ni Ken Brugger, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika mji mkuu wa Meksiko. Yeye na Catalina Aguado, mzaliwa wa Michoacán, walisafiri milimani wakitafuta, mpaka walipofika Cerro Pelón mwanzoni mwa Januari 1975 na kukuta miti iliyofunikwa na vipepeo.

Mwezi Agosti 1976 jarida la National Geographic lilitangaza habari hiyo. Picha ya Aguado akiwa amezungukwa na vipepeo ilikuwa juu ya jalada, ingawa sifa za uvumbuzi ziliwaendea zaidi wanaume wawili. Urquhart mwenyewe alifika milimani Januari 1976, akaokota kipepeo mwenye kibandiko kilichobandikwa Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Huo ndio uliokuwa ushahidi.

Inafaa kupima kwa haki kilichovumbuliwa. Wenyeji walijua vipepeo wanalala wapi, wanafika lini na wanaondoka lini, lakini hawakuwa na njia ya kujua wanakotoka. Homero Aridjis, mshairi aliyezaliwa mwaka 1940 huko Contepec, chini ya kilima cha Altamirano, ameeleza jinsi vipepeo walivyokuwa sehemu ya utoto wake. Wanasayansi nao walijua wanakotoka bila kujua wanakokwenda. Kilichopatikana mwaka 1975 na 1976 ni kiungo kati ya maarifa mawili, kila moja likiwa pungufu bila la pili. Lakini ni maarifa ya upande mmoja tu yaliyoitwa uvumbuzi. Zaidi ya hayo, Urquhart alikataa kuwaambia wataalamu wenzake mahali penyewe, na hivyo mahali palipofahamika kwa kila mkata kuni pakawa siri iliyogombaniwa na wasomi wa nje.

5. Kutoka mgeni hadi sheria

Serikali ya Meksiko ilitoa amri ya kwanza ya kumlinda kipepeo mwaka 1980, lakini bila kuweka mipaka ya eneo. Amri ya tarehe 9 Oktoba 1986 ilikwenda mbali zaidi: ilitenga hekta 16 110 katika milima mitano, na ndani yake hekta 4491 za kiini ambamo kukata mti kulikatazwa kabisa. Aridjis na wasomi wenzake walikuwa miongoni mwa walioidai.

Nia ilikuwa njema, na hatari kwa msitu ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, mipaka ilichorwa juu ya ardhi ya ejido bila wenyewe kushauriwa vya kutosha na bila kulipwa fidia. Hati ya ardhi ilibaki mikononi mwa mkulima, lakini matumizi yake yaliondolewa. Matokeo yake yalikuwa kinyume na yaliyokusudiwa. Katika sehemu kadhaa miti ilikatwa kwa haraka, ndani ya kiini na kandokando yake, na wakulima waliokuwa na vibali jana wakaitwa wahalifu leo. Kipepeo, aliyekuwa roho ya babu, sasa alionekana machoni pa baadhi ya wajukuu kama karani wa serikali aliyekuja kunyang'anya shamba.

Kosa hilo lilitambuliwa. Amri ya Novemba 2000 ilipanua hifadhi mpaka hekta 56 259, lakini safari hii ulianzishwa mfuko wa kuwalipa wenye misitu walioacha haki zao za kukata na walioulinda msitu. Mwaka 2008 UNESCO iliiandika hifadhi hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Ejido kama El Rosario zilijipatia mapato kwa kuwaongoza watalii na kuwauzia chakula. Nyingine, ambazo vipepeo hawakutua kwao au barabara haikufika, zilipata kidogo au hazikupata kitu. Hivyo mahali anapotua mdudu wa nusu gramu pakaamua tofauti ya riziki kati ya kijiji na jirani yake.

6. Mzigo ulibebwa na nani?

Idadi ya vipepeo hupimwa kwa ukubwa wa msitu wanaoufunika. Katika majira ya 1996-1997 walifunika hekta 18 hivi. Katika majira ya 2013-2014 walifunika hekta 0,67 tu. Jambo la kuzingatia ni kwamba anguko hilo la 2013 lilikuja baada ya ukataji mkubwa wa haramu katika kiini cha hifadhi kupungua sana. Wataalamu wengi wanataja sababu nyingine pia: katika mashamba mapana ya mahindi na soya ya Marekani, dawa za kuua magugu zilifuta mmea ambao ndio chakula pekee cha viwavi. Pamoja na hayo kuna dhoruba na mabadiliko ya tabianchi. Katika majira ya 2023-2024 vipepeo walifunika hekta 0,90, na katika yaliyofuata hekta 1,79.

Tarakimu hizi hazimwondolei mkata miti hatia yake, wala hazifichi magenge yanayoiba mbao. Zinaonyesha tu kwamba katazo zito zaidi liliwekwa juu ya mkulima maskini zaidi kati ya wote wanaoishi kwenye njia ya kipepeo, huku mwenye trekta wa kaskazini akiombwa kwa hiari yake.

Wapo wenyeji waliolipa kwa maisha yao. Homero Gómez González, aliyekuwa mkata miti kabla ya kuwa kiongozi wa ejido ya El Rosario na mtetezi mashuhuri wa vipepeo, alitoweka tarehe 13 Januari 2020. Mwili wake ulikutwa ndani ya kisima tarehe 29 mwezi huohuo. Siku chache baadaye mwongoza watalii mwingine wa eneo hilo alikutwa amekufa.

7. Hitimisho

Historia ya kipepeo mfalme haiwezi kuandikwa kama historia ya mdudu peke yake. Ni historia ya ardhi iliyogawiwa baada ya mapinduzi, ya maarifa ya wenyeji yaliyohesabika kuwa si maarifa, na ya sheria iliyomlinda mgeni kwa kumsahau mwenyeji wake. Maana ya kipepeo kwa vijiji vya Michoacán haikufutika katika safari hiyo, iliongezewa tabaka. Leo kijana yuleyule wa El Rosario anaweza kumtaja kipepeo kuwa roho ya bibi yake, kuwa mshahara wa majira ya baridi, na kuwa sababu ya doria ya usiku msituni. Amri ya 1986 iliuona msitu bila kuwaona wenyewe, na msitu wenyewe ndio uliopata hasara.